Uzi maalum: kufungua butiloda na kuweka kastomu romu (someni kwanza kabla hamjauliza)

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Naona swali ni lile lile linarudi kila mara kwa sura tofauti, huyu "simu imejifunga nataka kuiflashi", yule "nimesahau pini naombeni njia ya kufungua butiloda", mwingine "nataka LineageOS simu inagoma", halafu wachangiaji kila mtu anamwaga lake mpaka muulizaji anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja. Basi tuliweke lote hapa. Kwa wageni: romu ni mfumo mzima wa simu, kastomu romu ni Android iliyotengenezwa na watu wengine badala ya kampuni ya simu (LineageOS ni mojawapo), na kuflashi ni kuandika mfumo au kipande chake ndani ya simu. Mwenye cha kuongeza aongeze na mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Kwanza kabisa simu ya Android haina kufuli moja, yako kama manne hivi na hayana undugu. Kuna la skrini, hii pini na mchoro na alama ya kidole. Kuna FRP, lile linalodai akaunti ya Google iliyokuwepo kabla simu haijafutwa, lilianza na Android 5.1 mwaka 2015. Kuna la mtandao, simu inakubali laini za kampuni moja tu. Halafu ndo kuna la butiloda. Ukifungua moja hujafungua jingine, na asilimia kubwa ya vurugu humu inatokana na mtu kuuliza habari za kufuli hili akapewa dawa ya lile.

Butiloda ni programu ndogo inayoamka kabla ya Android yenyewe. Ukibonyeza pawa, chipu inaanza na kodi iliyochomwa kiwandani ambayo haibadilishiki, kodi hiyo inaikagua butiloda, butiloda inaikagua patisheni (kipande cha hifadhi) ya boot yenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, na safari inaendelea hivyo mpaka mfumo mzima unawaka. Kila anayepokea kijiti anaangaliwa sahihi yake ya kidijitali, ikionekana sio ya kampuni iliyotengeneza simu hapiti. Kufungua butiloda maana yake unaiambia iache kudai sahihi ya kampuni, iwashe utakachokiweka wewe. Ndo maana baada ya kufungua simu inakuletea onyo la rangi ya chungwa kila ikiwaka. Msilete uzi wa kulalamikia hilo onyo, liko hapo makusudi na halina madhara.

Sasa kwanini kufungua kunafuta data yote? Hapa watu wanadhani ni roho mbaya ya kampuni. Chukulia mtu kaiokota simu yako, akafungua butiloda na data ikabaki pale pale, si angeweka mfumo wake wa ujanja kisha akakaa kujaribu pini au kunasa pini yako ukija kuiwasha? Kwahiyo wakaweka sharti, ukifungua, funguo za usimbaji (zinazoficha data isisomeke) zinatupwa na kilichokuwemo kinabaki takataka isiyosomeka. Simu za siku hizi zote zinasimba data, sio zile za zamani unachomeka kebo unavuta picha.

Kwahiyo wewe uliyesahau pini, jibu lako ni hili: butiloda haikusaidii. Chaguo la kuruhusu kufungua liko ndani ya settings na huko hufiki bila kufungua skrini. Na hata kama uliliwasha zamani, siku ukifungua data inaondoka. Kama unachotafuta ni picha, tafuta kama zilikuwa zinapanda Google Photos au sehemu nyingine, kwa njia hii hazirudi. Kama unachotaka ni simu tu ifanye kazi, ifute kupitia rikavari (menyu ya ukarabati inayofunguka kwa vibonye kabla Android haijawaka), itadai akaunti yako ya Google au pini yako ya zamani, weka, endelea. Akaunti nayo umeisahau, irejeshe kwenye ukurasa wa Google kwa kutumia kifaa kingine. Hamna haja ya kuflashi chochote.

Haya, tuje kwa mwenye simu yake, iko wazi mkononi, anataka kastomu romu.

Bakapu kwanza. Sio picha tu, angalia zile programu za kutoa kodi za kuingilia akaunti, watu wanazisahau halafu wanajifungia nje ya akaunti zao zote. Chati nazo. Ukimaliza nenda settings, sehemu ya kuhusu simu, gusa "Build number" mara saba, menyu ya wasanidi itafunguka. Ndani yake washa "OEM unlocking" na "USB debugging". Ikiwa "OEM unlocking" imefifia haibonyezeki, unganisha simu na intaneti kwanza uone, kuna simu zinauliza seva kabla ya kuruhusu. Ikiendelea kufifia huenda simu hiyo ilitoka kwa kampuni ya mtandao iliyokataza, mfano Pixel (simu za Google) zilizouzwa na Verizon ya Marekani ni maarufu kwa hilo, Pixel ile ile ya dukani kwa Google inafunguka na ya Verizon inakataa.

Kwenye kompyuta weka adb na fastboot (zana za kuiamrisha simu kwa kebo) kutoka Google wenyewe, zinakuja kwenye kifurushi kinaitwa platform-tools. Acheni kupakua hizi za kwenye vibanda vya mafaili zenye picha ya fuvu. Chomeka kebo kisha:

adb reboot bootloader
fastboot devices
fastboot flashing unlock

Hiyo ya katikati lazima ikuletee namba ya simu yako, isipoleta kitu tatizo ni draiva au kebo, usiendelee. Ya mwisho itakuletea swali kwenye skrini ya simu, unachagua kwa vibonye vya sauti na kukubali kwa pawa. Simu za zamani amri yake ni fastboot oem unlock. Ukitaka kujua kabla hujajaribu kama simu inaruhusu, andika fastboot flashing get_unlock_ability, ikijibu 1 inaruhusu, 0 haijaruhusu.

Ila hiyo ndo njia ya Pixel na wachache wenye roho nyepesi. Wengine kila mmoja kaja na masharti yake. Motorola na Sony wana ukurasa, unatuma taarifa za simu yako wanakupa kodi, na hapo hapo wanakuambia dhamana kwaheri. Xiaomi unaunganisha akaunti yao na simu ukiwa umewasha data ya laini, sio waifai, kisha unasubirishwa, kwa miaka mingi ilikuwa saa 168 yaani wiki nzima, na tangu HyperOS (mfumo wao mpya) ije mwishoni mwa 2023 inabidi kwanza uombe ruhusa kwenye programu yao ya jumuiya. Huawei walifunga mlango 2018, hawatoi tena kodi, kwahiyo mtu akikuambia lipia nikupe kodi rasmi ya Huawei mpya huyo anakula hela yako. Asus nao zana yao waliiondoa 2023. Samsung ana ulimwengu wake, akiuliza mtu nitaeleza.

Neno moja tu kwa mnaotaka kununua simu kwa ajili ya romu: angalia kwanza kama butiloda yake inafunguka NA kama kuna romu inayotunzwa ya modeli hiyo hiyo, ndo utoe hela. Watu wanafanya kinyume.

#2

Mkuu shukrani. Mimi simu nimenunua mkononi, jamaa aliifuta akanipa, sasa inadai akaunti yake na anasema hakumbuki. Fundi kaniambia anafungua butiloda ndo anatoa FRP. Ni kweli?

#3 (mleta uzi)

Inategemea ni simu ya lini lakini kwa mpangilio wa kawaida hapana, maana ili ufungue butiloda unahitaji ile swichi ndani ya settings, na FRP ndo inakuzuia kufika huko. Anachosema fundi pengine ni kitu kingine, njia za upenyo, ambazo zinazibwa kila apdeti ikija. Android 15 imekaza zaidi, ukiruka seti-apu haikuachii, na ile swichi ya OEM unlocking ambayo zamani ikiwashwa ilikuwa inaizima FRP siku hizi haiizimi.

Njia safi ni muuzaji. Aingie akaunti yake kwenye simu yenyewe, mkifika ndani aiondoe kwenye settings, halafu aifute kutokea huko huko kwenye settings na sio kwa vibonye. Ukifuta kutokea ndani FRP haiamki, ukifuta kwa rikavari inaamka. Tofauti ni hiyo tu na wauzaji wengi hawaijui. Na akiwa anakwepa kwepa kuweka akaunti yake, we jiulize simu hiyo ilikuwa ya nani.

#4

Hapo kwenye muuzaji umepiga penyewe.

Mi swali langu ni programu za benki. Nilisikia ukifungua butiloda hata bila rutu (mamlaka kamili juu ya mfumo) zinagoma. Sina mpango wa kuruti, nataka romu safi tu.

#5

Naomba nijibu hili. Ndiyo, nyingi zinaweza kugoma hata bila rutu. Kuna kitu cha Google kinaitwa Play Integrity, kimechukua nafasi ya SafetyNet. Programu inauliza, simu hii iko salama kiasi gani, na majibu yana ngazi. Ngazi ya juu inatumia chipu, yaani kuna sehemu ya vifaa yenyewe ndani ya simu inayotia sahihi cheti kinachosema butiloda iko wazi au imefungwa, na sehemu hiyo Android haiwezi kuidanganya. Benki ikidai ngazi hiyo, butiloda wazi umekwama. Benki ikiridhika na ya chini unapita kiulaini. Kwahiyo hamna jibu moja, uliza mtu mwenye romu kama yako na benki kama yako.

Wapo wanaotumia Magisk (zana ya kuruti) na moduli zake kuficha kwamba butiloda iko wazi. Zinafanya kazi leo, kesho Google wanabadili, keshokutwa unatafuta moduli mpya. Ukiweza hayo maisha sawa.

#6

@#5 unatisha watu bure. Natumia romu, benki yangu inafungua freshi, sijaficha chochote.

#7

Sijatisha mtu, nimesema inategemea benki. Yako haidai ngazi ya juu, hongera. Ila siku ikianza kudai hawatakutumia barua.

#8 (mleta uzi)

Wote mko sahihi tusigombane. Niongeze tu kwamba sio benki peke yake, video za kulipia nazo. Simu yenye butiloda wazi mara nyingi inashuka Widevine (kinga ya Google ya video za kulipia) kutoka L1 kwenda L3, maana yake filamu zinacheza kwa ubora wa chini hata kama skrini yako ni kali. Kuna anayejali na kuna asiyejali, ila mtu ajue anachokitoa kabla hajakitoa. Kama una simu mbili, hiyo ya pili ndo ya kuchezea na ya benki iache na mfumo wake.

#9

Mkuu umesema Samsung ana ulimwengu wake, funguka basi.

#10 (mleta uzi)

Samsung hana fastboot, ana Download Mode na mafaili yanaingia kwa Odin, programu ya kompyuta. Unawasha OEM unlocking kama kawaida, unazima simu, unashika vibonye vyote viwili vya sauti huku unachomeka kebo ya kompyuta, ikitokea skrini ya onyo unabonyeza sauti juu kwa muda mrefu, inauliza, unakubali, inajifuta. Ikiwaka usikimbilie kuflashi. Pitia seti-apu, unganisha intaneti, ingia tena menyu ya wasanidi uhakikishe swichi iko pale na imewashwa. Hatua hiyo watu wanairuka halafu wanakutana na maandishi mekundu.

Sasa la Knox, ulinzi wa Samsung. Ndani ya simu kuna fyuzi ya kielektroniki, siku ukiweka fimwea (programu ya ndani ya simu) isiyo ya Samsung inaungua na haiungiki tena milele, hata ukirudisha fimwea ya kiwandani na kufunga butiloda bado itasoma 0x1, yaani imeungua. Secure Folder na Samsung Pay ndo unaziaga hapo. Simu itafanya kazi nyingine zote vizuri tu, ila fundi wa kampuni akiichomeka anajua.

Zilizouzwa Marekani zenye Snapdragon kwa miaka mingi hazifunguki kabisa, angalia herufi ya mwisho ya modeli, U au U1 sahau. Na kuanzia One UI 8 ya 2025 wameiondoa ile swichi, kwahiyo mwenye Samsung ya zamani kidogo na anataka romu, afikirie mara mbili kabla hajapokea hiyo apdeti.

#11

WAKUU MSAADA. Nimefungua butiloda vizuri, nimeweka romu, sasa inazunguka kwenye nembo tu haiingii ndani. Inawaka inazima inawaka. Nimewipe zaidi ya mara moja. Simu imekufa??

#12

Umewipe au umeformat data? Ni vitu viwili hivyo.

#13

Si ile unateleza kidole kwenye TWRP (rikavari ya kastomu) pale chini

#14

Basi ndo hapo. Kile cha kuteleza kinafuta mafaili lakini usimbaji wa mfumo wa zamani unabaki, romu mpya inaikuta data iliyofungwa kwa funguo isizozijua inaanza kuhangaika. Ingia sehemu ya Wipe, chagua Format Data, itakuambia andika yes, andika. Inafuta na hifadhi ya ndani yote kwahiyo faili la romu itabidi uliingize upya, tumia adb sideload, yaani ulisukume kutoka kompyuta.

#15 (mleta uzi)

Asante #14, hilo ndo la kwanza kukagua na mara nyingi linaisha hapo. Isipoisha, la pili ni vbmeta. Hii ni patisheni inayobeba orodha ya ukaguzi wa patisheni nyingine, na kuna simu hata butiloda ikiwa wazi bado inataka vbmeta iambiwe ukaguzi umezimwa. Chukua vbmeta.img ya fimwea yako ile ile uliyonayo, sio ya mtu mwingine:

fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img

La tatu ni sloti. Simu nyingi za sasa zina mfumo mara mbili, sloti A na sloti B, ili apdeti iingie kwenye moja huku unatumia nyingine. Ukiflashi kipande kimoja kikaingia A na kingine kikaingia B unapata hiyo hiyo unayoiona. Andika fastboot getvar current-slot ujue uko wapi.

La nne fimwea ya chini. Romu nyingi zinaandika "lazima uwe umetokea kwenye Android fulani", hiyo sio mapambo, modemu na vitu vya chini havibebwi na romu kwahiyo visipolingana inazunguka hivyo hivyo.

Na simu haijafa. Inayoonyesha nembo na inayoingia fastboot bado iko hai. Iliyokufa ni ile haiwaki, haichaji, kompyuta inaiona kama Qualcomm 9008 (hali ya dharura ya chipu za Qualcomm) au haiioni kabisa, na hata 9008 kuna namna ya kuirudisha ukipata faili la kupakia lenye sahihi ya kampuni, shida ni kulipata tu.

#16

Format data imekubali!! Imeingia. Mungu awabariki. Sasa naona nirudishe kufuli la butiloda ili benki ifanye kazi, naandika fastboot flashing lock si ndio?

#17

SUBIRI USIANDIKE

#18 (mleta uzi)

Mkuu toa mikono kwenye hiyo kibodi kwanza.

Ukifunga butiloda unairudishia kazi ya kukagua sahihi. Ndani kuna romu isiyo na sahihi ya kampuni. Itakagua, itakataa, simu haiwaki. Na swichi ya OEM unlocking iko ndani ya settings ambazo hufiki, kwahiyo kama imezimika umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Hii ndo inaua simu nyingi kuliko kufungua kwenyewe.

Kufunga salama kuna namna mbili. Ya kwanza rudisha fimwea ya kiwandani kamili, patisheni zote, iwashe uhakikishe inaingia, ndo ufunge, na kufunga nako kunafuta data. Ya pili ni kwa simu zinazokubali kuwekewa ufunguo wa mtu mwingine, Pixel ndo mfano mkubwa, ndo maana GrapheneOS (kastomu romu ya Pixel) wanakuambia ufunge ukimaliza kuweka, simu inakagua kwa ufunguo wa GrapheneOS na onyo linageuka la njano. Simu yako sio Pixel, kwahiyo iache wazi.

#19

Na ukirudisha ya kiwandani usirudishe ya zamani kuliko uliyokuwa nayo. Kuna kinga ya kurudi nyuma, namba inahifadhiwa kwenye chipu na kila fimwea inakuja na namba yake, ukiweka yenye namba ndogo inazima moja kwa moja. Xiaomi walikuwa wanaua simu za watu sana kwa hili. Kwao unaangalia kwa fastboot getvar anti.

#20

Naomba kuuliza, simu zenye chipu za MediaTek za bei ya chini hakuna masharti ya akaunti wala kusubiri? Maana naona nyingi hazina hata romu zake.

#21 (mleta uzi)

Nyingi zinafunguka kwa amri ile ile ya flashing unlock, nyingine zinagoma. Kuna zana ya mtkclient inayotumia udhaifu wa kodi ile ya kiwandani kwenye chipu kadhaa za MediaTek za miaka ya nyuma, mpya zimezibwa. Ukiigusa hiyo, kitu cha kwanza chukua nakala ya patisheni zote, hasa nvram, nvdata na protect, humo ndo IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inakaa. Zikipotea simu inakuwa redio, haishiki mtandao. Na nakala ni ya simu yako tu, usiweke ya mtu wala usimpe mtu, kubadili IMEI ni kosa la jinai nchi nyingi.

Kuhusu romu, tangu Android 8 ya 2017 kuna mpango unaitwa Treble uliotenganisha mfumo na vitu vya mtengenezaji, kwahiyo kuna romu za jumla zinaitwa GSI zinazowaka kwenye simu nyingi tofauti. Zinawaka kweli ila tegemea kamera kuwa ya hovyo, alama ya kidole kugoma, au sauti ya bluututhi kukatika katika. Kwa simu isiyo na romu yake GSI ni afadhali, ila kwa simu unayoitegemea kila siku binafsi siishauri.

#22

iPhone je

#23

Hamna. Hakuna kufungua butiloda kwa ruhusa ya Apple. Kuna tundu la checkm8 lilitangazwa 2019, liko kwenye kodi ya kiwandani ya chipu za A5 mpaka A11, halizibiki, lakini linatumika kwa jailbreak (kuondoa vizuizi vya Apple), sio kwa kuweka romu. Na ile Activation Lock (kufuli la akaunti ya Apple) ni kitu kingine kabisa, iko kwenye seva za Apple.

#24

Mwisho kabisa, romu ya modeli yangu nimeona mbili, jina la simu ni moja ila kodi zake tofauti, niweke ipi?

#25 (mleta uzi)

Usifuate jina la boksi. Simu moja inauzwa kwa majina matatu na jina moja linabeba simu mbili zenye chipu tofauti. Andika fastboot getvar product, jina litakalotoka ndo unalolinganisha na ukurasa wa romu, herufi kwa herufi. Lisipolingana acha, hata kama rikavari inakuruhusu kulazimisha.